Hitilafu Namba 7718

Gazeti la Brno limesema kivinjari chetu "kimeboreshwa".
Nimelisoma kwenye tramu, nimesimama, theluji ikiyeyuka begani,
nikacheka mpaka mama mmoja akasogeza mkoba wake.
Kimeboreshwa!
Basi na ng'ombe aliyechinjwa kaboreshwa: kawa supu.

Ukweli ni huu. Wameing'oa injini yetu,
miaka kumi na tisa ya msimbo,
wakachukua injini ya yule mkubwa
wakaivika koti letu, nembo yetu kifuani.
Haya, hesabu vivinjari vilivyopo:
kumi na viwili, kila kimoja na rangi yake na mbwembwe zake,
ukifunua boneti, moyo ni uleule.
Siku mkubwa akikohoa, vyote vitalazwa.

Msinitajie sheria.
Naijua. Kurasa mia na tatu,
Vlasta alizisoma kwa sauti, mimi nikichemsha chai.
Inaamuru simu mpya ikiwashwa ikuulize:
unataka kivinjari kipi?
Swali zuri. Watu wanagusa jina walilolizoea
kama mgeni hotelini anavyoagiza mayai.
Ndio uhuru wenyewe huo:
kuchagua rangi ya mlango
wa nyumba ya mtu mwingine.

Na hivyo vidakuzi! Mama yangu kule Třebíč,
miaka themanini na moja, hubonyeza KUBALI kwa adabu,
anadhani ni mtu kapiga hodi.
"Si vizuri kumwacha nje na baridi hii," huniambia.
Kitufe cha kukubali ni kijani, kinene kama mkate;
cha kukataa ni kijivu, kimefichwa nyuma ya kurasa tatu,
na huko ndani wamejipanga washirika mia saba na ushee,
wote wanaapa kwamba wanaithamini faragha yake.
Wanaithamini kweli.
Wameshaipiga bei.

Nami si malaika. Mwaka juzi benki ilinigomea:
"Kivinjari chako hakitambuliki."
Mimi, niliyekiandika!
Nilivumilia majuma mawili, kisha kodi ya nyumba ikanikaba koo,
nikapakua cha yule mkubwa, usiku, taa nimezima,
kama mtu anayekula mchana wa mfungo.
Sikumwambia Vlasta.

Vlasta Hrubešová hakulia walipotukusanya.
Aliuliza jambo moja tu: "Na Bwana Květoslav?"
Meneja hakujua Květoslav ni nani.
Sisi tulimjua: mwalimu wa akodiani, Znojmo, asiyeona,
aliyetuandikia kila mwezi kwa miaka sita
malalamiko yaliyonyooka kama rula.
La mwisho lilihusu ratiba ya treni.
Sauti inayomsomea ukurasa inaruka safu ya tatu ya jedwali;
inampa saa ya kuondoka, haimpi jukwaa,
naye husimama katikati ya stesheni
na akodiani mgongoni, akiuliza wapita njia.
Hitilafu namba 7718. Tulikuwa tuishughulikie wiki hii.

Saa kumi jioni kadi zetu za mlango zilikufa.
Tulishuka ngazi na maboksi, kila mtu na kikombe chake,
duka la mikate chini likinukia kama siku yoyote.

Saa saba usiku simu ikalia. Birika lilikuwa likifoka nyuma yake.
"Nimeipata," alisema Vlasta. "Ni mstari mmoja.
Mtu kaweka kutoa palipotakiwa kujumlisha.
Nadhani mtu huyo ni mimi."
"Vlasta, hakuna tena pa kuituma."
"Najua."
Akanyamaza, birika nalo likazimwa.
"Ila inafanya kazi. Sikiliza."
Akaisogeza simu kwenye kompyuta,
na ile sauti kavu, isiyojua nukta wala mkato, ikasoma:
Znojmo saa kumi na mbili na dakika nne jukwaa la pili